Kutunza Kompyuta za Linux Chuoni na Nyumbani: Tuliyojifunza kwa Kupoteza

Wanachuo wanaofika nyumbani kwetu kwa mara ya kwanza hawakosi kuuliza habari za kisanduku cheusi kilichoko chini ya meza ya sebuleni, chenye taa ndogo ya kijani isiyozimika mchana wala usiku. Nasi huwajibu kwamba hilo ni kabati la vitabu la chuo. Wengine hucheka wakidhani twafanya mzaha. Lakini ndivyo lilivyo: ni kompyuta kuukuu, isiyo na skrini wala kibodi, inayoendeshwa kwa Linux, na ndani yake mna maandalio ya masomo, mitihani ya miaka iliyopita, picha za kufundishia Jiografia, na Wikipedia nzima ya Kiswahili, ambavyo mwanachuo aweza kuvifikia kwa simu yake akiwa bwaloni bila kununua kifurushi cha intaneti.

Katika makala haya tunakusudia kuwaeleza walimu wanafunzi namna tulivyoanza kutumia Linux, namna tunavyozitunza mashine zetu, na namna tulivyopata kuipoteza kazi ya watu waliotuamini. Yatupasa tukiri tangu mwanzo kwamba sisi si wataalamu wa kompyuta. Tulisomea stashahada ya elimu, tunafundisha mbinu za kufundishia Kiswahili na Hisabati, na kompyuta ya kwanza tuliyoifungua kwa bisibisi tuliifungua kwa kuwa fundi wa karibu alikuwa umbali wa safari ya basi ya nusu siku. Msomaji asitarajie basi kupata hapa kitabu cha ufundi.

Mfumo endeshi ni programu kuu ya kompyuta: ndio unaogawa kumbukumbu, unaosoma na kuandika katika diski, na unaoamua programu ipi ifanye kazi na ipi ingoje zamu yake. Linux, kwa maana halisi, ni kiini cha mfumo wa namna hiyo. Mwaka 1991 Linus Torvalds, aliyekuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki huko Ufini, aliwatangazia wenzake kuwa anaunda mfumo mdogo kwa kujifurahisha, akawaalika watoe maoni. Kiini hicho kiliunganishwa na programu za mradi wa GNU, ambao Richard Stallman wa Marekani alikuwa ameutangaza mwaka 1983, na mwaka 1992 kikaanza kutolewa kwa leseni ya mradi huo. Leseni hiyo yamruhusu mtu yeyote kuitumia programu, kuisoma jinsi ilivyoandikwa, kuibadili na kuigawa, kwa sharti kwamba anayeigawa asiwanyime wengine haki ileile aliyoipata yeye. Kutokana na kiini kimoja yamezaliwa matoleo mengi. Debian lilianza mwaka 1993. Ubuntu, lililojengwa juu ya Debian, lilitolewa kwanza mwaka 2004 kwa juhudi za Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini. Neno ubuntu katika lugha za kusini ni ndugu wa damu wa neno letu utu. Siku ya kwanza ya somo wanachuo hulipenda jambo hili kuliko mengine yote, na mara mbili limetumalizia kipindi.

Sababu yetu ya kuhama haikuwa falsafa. Chuo kilipokea kompyuta kumi na moja zilizokwisha kutumika kwingine, nyingi zikiwa na kumbukumbu ya gigabaiti 2 tu, na kila moja iliweza kumchukua mwalimu muda wa kuita mahudhurio ya mikondo miwili kabla haijawa tayari kwa kazi. Juu ya hayo zilijaa virusi vilivyoletwa na flashi za wanachuo, na kila tulipozisafisha zilichafuka tena kabla ya wiki kwisha. Walimu wengi watakaopangiwa shule zenye kompyuta za zamani watakutana na tatizo hili kwa mlango mwingine, kwani msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba, 2025, na mashine nyingi za umri ule hazina sifa za kupokea toleo linalofuata.

Jambo lililotukata shauri lilikuwa dogo. Ilikuwa wiki ya kukaguliwa mazoezi ya kufundisha. Mwanachuo mmoja alitujia asubuhi, flashi mkononi, machozi yakimlengalenga.

"Mwalimu, maandalio yangu yote yamegeuka mishale."

Tulifahamu asemalo. Kila kabrasha lililokuwa ndani ya flashi lilikuwa limetoweka, na mahali pake pamewekwa alama yenye mshale mdogo, ambayo ukiigusa unakiamsha kirusi chenyewe. Wakati huo tulikuwa na kompyuta moja tu tuliyoiwekea Linux kwa majaribio. Tukaichomeka flashi hiyo pale. Makabrasha yote yakaonekana, yametulia mahali pake, na kando yake mishale ile ikiwa imelala kama maganda yasiyo na kitu. Kirusi hakikuwa kimefuta chochote. Kilikuwa kimeyabandika makabrasha alama ya kufichwa, alama ambayo Linux haiishughulikii, kwa kuwa katika Linux faili huhesabiwa limefichwa pale tu jina lake linapoanza kwa nukta. Na programu ya kirusi, kwa vile iliandikwa kwa ajili ya mfumo mwingine, haikuweza kwenda. Tulinakili maandalio, tukaifuta flashi, naye akaenda kufundisha. Haina maana kwamba Linux haishambuliwi. Yashambuliwa, hasa seva zilizoachwa wazi kwenye intaneti na nywila nyepesi. Lakini tangu siku ile wanachuo wenyewe ndio waliotusumbua tuzihamishe mashine zilizobaki.

Kuhamisha kwenyewe si kazi ngumu. Toleo la Linux hupakuliwa mara moja, likaandikwa katika flashi, na kompyuta ikawashwa kwa flashi hiyo bila kugusa diski. Hapo mwalimu aweza kuijaribu siku nzima: je, sauti inatoka, mtandao unashika, mashine ya kuchapia inatambuliwa? Asiporidhika huichomoa flashi na kompyuta hurudi ilivyokuwa. Sisi tulichagua Debian pamoja na sura nyepesi ya Xfce. Tuseme kweli, kwa gigabaiti 2 mashine hizo zaandika barua na kujaza majedwali ya alama kwa wepesi, lakini ukifungua kurasa nyingi za intaneti kwa pamoja zaelemewa. Zile tatu ambazo diski zake za kuzunguka tulizibadilisha kwa diski zisizozunguka zimepata uhai ambao hakuna programu ingeweza kuzipa.

Somo la kwanza tulilolifundisha kwa mashine hizo lilishindwa, na lilishindwa kwa kosa la kiualimu. Tulisimama ubaoni dakika arobaini tukiandika amri na maana zake, wanachuo wakanakili madaftarini. Siku ya pili tulipowaketisha mbele ya mashine, waliandika amri hizo kama kasuku, na herufi moja ilipokosewa wakainua mikono kungoja tuje. Tulizunguka darasa zima tukiwasomea yale yaliyokuwa yameandikwa mbele ya macho yao, kwani Linux ikikataa jambo aghalabu husema kwa nini imekataa. Tatizo lilikuwa kwamba husema kwa Kiingereza, nao walikuwa wamezoea kuuona ujumbe wa kosa kama kelele ya kufungwa upesi.

Tukageuza mpango. Waliketi wawili wawili, mmoja akiandika, mwingine akisoma kwa sauti kila mashine inachojibu. Katika karatasi za manila tuliandika kwa Kiswahili tafsiri za majibu yanayotokea mara kwa mara: faili hilo halipo, huna ruhusa, amri hiyo haijulikani, diski imejaa. Kazi hii ya kuisemesha kompyuta Kiswahili ina watangulizi wetu wenye heshima. Mnamo mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pamoja na wenzao wa Uswidi, katika mradi ulioitwa Kilinux, walitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zenye menyu za Kiswahili. Manila zetu nne ni kitu kidogo mbele ya kazi ile, lakini zilitosha. Katika wiki ya tatu mikono iliyoinuliwa ilipungua, na mwanachuo mmoja akagundua peke yake jambo ambalo tulilisahau kabisa, kwamba kwa Linux "Alama" na "alama" ni mafaili mawili tofauti. Alikuwa amelitafuta jedwali lake kwa saa nzima. Baadaye alilitumia tukio hilo kuwafundisha watoto wa Darasa la Kwanza kwamba herufi kubwa si pambo.

Suala la ruhusa nalo lilieleweka kwa mfano wa shule. Kila faili lina mwenyewe, lina kundi lake, na lina wengine wote. Na kwa kila mmoja wa hao watatu imeandikwa kama aweza kusoma, kuandika au kuendesha. Juu yao yupo msimamizi mkuu awezaye kila kitu. Wanachuo walisema huyo ni mwalimu mkuu. Tuliwaambia la, kwa kuwa mwalimu mkuu ana wa kumuuliza. Msimamizi wa Linux ukimwamuru afute diski nzima ataifuta bila kuuliza. Ndiyo maana sisi wenyewe hatufanyi kazi za kila siku kwa jina hilo.

Sasa tuje kwenye seva. Chumba cha kompyuta hufungwa saa kumi jioni, wakati ambao wanachuo ndipo hasa wanapoandaa masomo. Nyumba tuliyopewa ipo kati ya bwalo na mabweni, na mawimbi ya kifaa cha mtandao kilichowekwa dirishani hufika pande zote mbili. Kwa ruhusa ya mkuu wa chuo tuliichukua kompyuta ya kumi na moja, tukaiweka Debian isiyo na madirisha wala picha, tukaiweka sebuleni. Huamriwa kwa mbali kutoka kompyuta nyingine, kwa njia iitwayo SSH. Makala za Wikipedia huhudumiwa na programu ya Kiwix, ambayo hulichukua toleo zima katika faili moja na kulisomesha bila intaneti. Makala hizo hazilingani kwa ubora, na twawahimiza wanachuo wazisome kwa jicho la mwalimu. Lakini kwa shule isiyo na maktaba ni hazina.

Adui wa kwanza wa seva ya nyumbani ni umeme. Kabla hatujapata UPS, mashine ilizimika ghafla mara nyingi, nasi tulistaajabu kuona inainuka tena bila mafaili kuharibika. Sababu yake yafaa kuelezwa kwa walimu, kwa kuwa chombo chenyewe wakijua. Mpangilio wa mafaili uitwao ext4 hutunza shajara. Kama mwalimu anavyoandika katika shajara la darasa kipindi gani kimefundishwa, ndivyo mfumo unavyoandika katika shajara lake badiliko unalokusudia kulifanya katika mpangilio wa mafaili, kisha ndipo ulifanye. Umeme ukikatika katikati, mashine inapowaka hulisoma shajara: lililoandikwa likakamilika hutekelezwa, lililoandikwa nusu hutupwa. Mpangilio husalimika, ijapokuwa sentensi za mwisho ulizokuwa ukiandika zaweza kupotea. Wanachuo waliposikia hivyo, mmoja alisema hata mashine inakaguliwa.

Matunzo ya kila wiki si mengi. Jumamosi asubuhi tunaitaka mashine isome orodha ya masasisho na kuyapokea, hasa ya usalama. Tunatazama diski imejaa kiasi gani. Tunaiuliza diski yenyewe habari za afya yake, kwani diski za kisasa hutunza hesabu ya sehemu zilizoharibika, na hesabu hiyo ikianza kupanda mwenye akili hanunui viatu mwezi huo, hununua diski. Kila miezi mitatu tunafungua kifuniko na kuondoa vumbi, maana feni iliyozibwa hupandisha joto, na joto hupunguza mwendo. Yote tufanyayo tunayaandika katika daftari la mistari lililofungwa kwa kamba kwenye mguu wa meza: tarehe, amri, na kilichotokea. Daftari hilo lilitusaidia tulipokuta faili la zoezi la mwanachuo likionyesha kuwa liliandikwa kabla yeye hajaingia kidato cha kwanza. Ilikuwa mara ya pili kwa mashine ileile kukosea tarehe. Betri ndogo bapa, iitwayo CR2032, inayoiwezesha kompyuta kukumbuka saa hata ikizimwa, ilikuwa imekwisha. Saa ikirudi nyuma hivyo, kurasa za intaneti nazo hukataa kufunguka, kwa kuwa vyeti vyake vya usalama huonekana havijaanza kutumika. Tulibadilisha betri, na mwanachuo hakuadhibiwa.

Hayo yote twayasema ili msomaji aone kwamba hatukuwa wazembe wa kawaida. Tulikuwa na ratiba, tulikuwa na daftari, na tulikuwa na nakala ya akiba. Kila usiku saa nane programu ya rsync ilinakili kazi zote za wanachuo kutoka diski kuu hadi diski ya nje, iliyokuwa na chaja yake yenyewe. Kwa sababu hiyo tuliwaambia wanachuo, tena mbele ya darasa, kwamba faili likishawekwa kwenye seva halipotei. Wengine waliacha kutunza nakala zao. Tuliwaambia waache kujisumbua.

Mwanzoni kabisa mashine ilikuwa imetupa shida moja. Siku moja diski ya nje ilichelewa kuwaka, na seva ikagoma kuinuka mpaka tulipoiunganisha skrini na kuisoma. Ili jambo hilo lisirudie, katika faili linaloiambia mashine diski zipi ziunganishwe iwakapo, tuliongeza neno moja, nofail, ambalo maana yake ni kwamba diski hii isipopatikana, endelea tu. Tukaona tumetibu ugonjwa.

Sasa yafaa ijulikane kwamba katika Linux diski ya nje haijitokezi kwa herufi yake. Huunganishwa kupitia kabrasha. Letu tuliliita "akiba". Kabrasha hilo ni kama lango: diski ikiwepo, upitapo langoni unaingia diskini, diski isipokuwepo, lango lipo palepale, lakini nyuma yake ni ua uleule uliotoka.

Mwezi wa Januari mgeni wetu alichomoa plagi ya diski ya nje kwenye ekstensheni ili achaji simu. Hatumlaumu, hakukuwa na karatasi wala alama ya kumzuia. Kwa siku mbili tatu programu ya kunakili ililalamika katika kumbukumbu za mashine, nasi hatukuzisoma. Kisha umeme ulikatika usiku kucha, hata UPS ikaishiwa. Uliporudi, seva iliwaka, haikuiona diski ya nje, ikalitii neno letu, ikaendelea. Saa nane usiku programu ilinakili kila kitu ndani ya kabrasha la akiba, ambalo sasa lilikuwa sehemu ya diski kuu ileile. Ikaandika kwamba imefanikiwa. Kazi za wanachuo hazikuwa kubwa, hivyo hata diski haikujaa ikatushtua. Ikafanya hivyo usiku baada ya usiku hadi Mei.

Mwezi wa Mei diski kuu ilianza kugonga kama saa ya ukutani, na jioni yake ikafa. Tuliwatangazia wanachuo bwaloni wasiwe na hofu. Tulinunua diski nyingine, tukaiweka Debian upya, tukaichomeka diski ya nje tukiwa na kikombe cha chai mkononi. Faili la mwisho lilikuwa la tarehe 19 Januari. Tulilitazama kwa muda mrefu, tukifungua kabrasha moja baada ya jingine kana kwamba tarehe zingebadilika.

Alama za tathmini endelevu zilipatikana katika vitabu vya alama vya karatasi, na tulizirudisha kwa jioni tatu. Tafakuri za mazoezi ya kufundisha zilipotea nyingi. Lakini hasara iliyotuchoma zaidi ilikuwa ya mwanachuo mmoja wa mwaka wa pili. Katika kijiji alichofanyia mazoezi alikuwa amekusanya hadithi kumi na nne kutoka kwa bibi na babu za watoto wa darasa lake, akaziandika upya kwa sentensi fupi za kiwango cha Darasa la Pili, akizipanga kulingana na silabi ambazo watoto walikwisha kuzijua. Aliziandika moja kwa moja kwenye seva. Rasimu za karatasi za hadithi tano tu ndizo alizokuwa bado nazo.

Alituuliza kwa adabu, bila kuinua sauti: "Mwalimu, si ulituambia kikiwa kule hakipotei?"

Tulimwambia kwamba ndivyo tulivyosema, na kwamba tulisema bila kujua. Wakufunzi wenzetu walitufariji wakidai vifaa ni vifaa. Hatukukubaliana nao, wala hatukubaliani sasa. Diski ilikufa kwa uzee, na diski zote hufa. Kilichopoteza hadithi ni sisi kutokuwahi hata mara moja kujaribu kurudisha faili kutoka akiba. Katika darasa la mbinu tulikuwa tumewaonya wanachuo mwaka mzima kwamba swali la "Mmeelewa?" halipimi kitu, kwa kuwa darasa zima litajibu "Ndiyo, Mwalimu" hata wasipoelewa neno. Kila Jumamosi sisi tuliiuliza mashine "Umenakili?", ikajibu ndiyo, tukaandika vema katika daftari.

Tumebadilisha mambo kadhaa. Kabla ya kunakili, programu sasa hupima kwanza kama diski ya nje imeunganishwa kweli. Isipokuwepo husimama na kutuletea malalamiko kwenye simu. Kabrasha tupu la akiba tumelifunga lisiandikike, hivi kwamba diski isipokuwepo hakuna mahali pa kudanganyia. Diski za nje ni mbili, na zinapokezana kila wiki, moja ikilala katika kabati la ofisi ya mkuu wa chuo, kwa kuwa nyumba yetu nayo yaweza kuungua au kuibwa. Tunatunza nakala za siku saba na za wiki nne badala ya nakala moja, maana nakala moja inayofuata kila badiliko hufuata pia faili lililofutwa kwa bahati mbaya. Plagi imezungushiwa utepe mwekundu.

Lakini badiliko tunalolithamini kuliko hayo lilipendekezwa na yule mwanachuo mwenyewe, ambaye baada ya wiki mbili za kutotuzungumza aliomba kuwa mtunza daftari. Kila Ijumaa, mwishoni mwa kipindi, mwanachuo mmoja huchota kikaratasi kutoka mfukoni. Kila kikaratasi kina jina la faili lililomo kwenye seva. Aliyechota hulirudisha faili hilo kutoka diski ya akiba hadi kabrasha jipya, hulifungua, na huwasomea wenzake mstari wa kwanza. Mara nyingi ni jambo la kuchosha, mstari wa jedwali au kichwa cha andalio. Mara mbili faili halikurudi, na mara zote mbili tulipata sababu kabla ya jua kuchwa: mara moja ruhusa zilikuwa zimekosewa, na mara ya pili kabrasha jipya la mkondo wa pili lilikuwa halijaongezwa katika orodha ya kunakiliwa. Katika zoezi hilo wanachuo wamejifunza Linux zaidi ya yote tuliyowaandikia ubaoni. Mwalimu mwanafunzi atakayepangiwa shule yenye kompyuta moja, naye akaweza kufanya hili tu kwa jedwali la alama za shule nzima, atakuwa ameifaa shule yake.

Kabrasha la hadithi lipo kwenye seva hadi leo. Mwenyewe alikwisha kuhitimu, na alipoondoka alituomba tusilifute wala tusilipange upya. Lina mafaili kumi na manne. Matano yana hadithi kamili. Tisa aliyaandika majina tu, kama alivyoyakumbuka, ili asisahau ni zipi za kwenda kuziuliza tena, na mafaili hayo tisa yalinakiliwa kila usiku saa nane pamoja na mengine. Wakati wa likizo alirudi kijijini kule. Bibi mmoja alikuwa amekwisha kufariki. Mwezi uliopita alitutumia hadithi mbili kwa simu, tukaziweka mahali pake, na Ijumaa iliyofuata kikaratasi kilichochotwa hakikuwa cha mojawapo, ingawa tuliitamani.